Wino Alioufuta Geula

Jumatatu hiyo Geula Amedi alifika ghalani kabla ya watu wote, kama alivyozoea kwa miaka ishirini na saba. Akawasha taa, akajaza ndoo zake mbili, akakaa kwenye kigoda na kusubiri mgongo utulie. Mgongo siku hizi ulichukua muda wake. Zamani alikuwa akikaa tu na kuanza kazi papo hapo. Sasa alikaa, akavuta pumzi mara kadhaa, na ndipo akainama.

Ghala lenyewe lilikuwa banda refu la mabati pembeni mwa kijiji chao cha ushirika, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka kilima cha magofu ambacho watu wa chuo kikuu walikichimba kila kiangazi. Vigae vyote vilivyotoka kilimani vilipita mikononi mwake. Mitungi, vyungu, mabakuli, taa za mafuta: vyote vilivunjwa na watu waliokufa zamani za wafalme, na vyote vililetwa kwake vichafu.

Nissim, msimamizi wa ghala, aliingia na karatasi mkononi na sigara isiyowashwa mdomoni.

"Geula, roho yangu, umeamka, au ulilala hapo hapo tangu jana?"

"Nimekufa tangu jana. Umekuja kunizika?"

"Nikuzike wapi, na nafasi yenyewe hakuna? Ndicho nilichokuja kukwambia." Akaipunga ile karatasi. "Chuo kimetuandikia. Banda linarudishwa kwa kijiji. Sisi tunahamia chumba mjini, nusu ya hili. Kila kigae kisicho na mdomo, kisicho na kishikio, kisicho na pambo wala maandishi, kinarudi kilimani kufukiwa. Lori linakuja Alhamisi."

"Alhamisi hii?"

"Alhamisi hii. Kuanzia kreti ya mia mbili hadi ya mia sita. Vipande vya matumbo ya mitungi tu, nani atavililia?"

Mkono wa Geula ulibaki ndani ya ndoo kana kwamba ameusahau humo. Kreti ya mia nne na kumi na mbili ilikuwa rafu ya chini kabisa, ya tatu kutoka mlangoni. Hakuhitaji kugeuka ili aione. Ndani yake kulikuwa na kigae kimoja kikubwa kama kiganja cha mkono, kisicho na mdomo wala kishikio wala pambo, ambacho kila mtu aliamini hakina kitu. Geula peke yake ndiye aliyejua kwamba kiliwahi kuwa na maandishi, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeyafuta.

Alikuwa amebakiza wiki tatu astaafu. Alikuwa amejipa moyo kwamba zitapita kimya kimya.

*

Alizaliwa kijijini hapo hapo, mtoto wa sita wa wazazi waliotoka milima ya Wakurdi na mabegi mawili na Kiaramu chao cha nyumbani. Baba yake hakujua kusoma. Sinagogini alishika kitabu cha sala kama watu wengine, akawa anafunua ukurasa kila jirani yake alipofunua. Sabato moja jirani alisinzia. Baba akabaki kwenye ukurasa ule ule tangu mwanzo wa sala hadi mwisho, akitikisa kichwa kwa unyenyekevu mkubwa. Geula, mwenye miaka minane, alimwona kutoka upande wa wanawake, akaelewa, na hakumwambia mtu. Kufunga mdomo alikujua mapema.

Yeye alisoma hadi darasa la nane, kisha akaenda kufungasha zabibu. Akaolewa na Shaltiel, mfugaji wa bata mzinga, mtu mpole aliyenuka bata mzinga. Akazaa wanne. Mdogo alipoanza shule, chuo kilikuwa kikitafuta mtu wa kuosha vigae, akaenda.

Siku ya kwanza alifundishwa kanuni moja, na hiyo moja ndiyo iliyokuwa kazi yote: chovya, tazama, ndipo usugue. Watu wa zamani hawakupoteza ngozi nzuri ya kuandikia kwa mambo madogo. Waliokota kigae, wakachovya kalamu ya unyasi kwenye wino wa masizi, wakaandika: mafuta haya ni ya fulani, divai hii imetoka mahali fulani. Wino huo huweza kukaa ardhini miaka elfu mbili na mia saba, kisha ukaondoka kwa brashi moja. Kwa hiyo kila kigae kinachovywa kwanza kwenye maji safi, kinainuliwa, kinageuzwa huku na huku kwenye mwanga. Kama hakuna weusi, kinatupwa kwenye beseni kisuguliwe. Na hakuna weusi. Leo hakuna, kesho hakuna, mwezi ujao hakuna. Unachovya vigae elfu kumi vitupu ili usikipoteze kimoja.

Katika miaka ishirini na saba Geula alivipata saba. Kwa kazi hiyo, saba ni vingi mno. Wanafunzi walimbandika jina la Jicho, na kila kiangazi mkuu wa uchimbaji aliwaleta wale wapya mbele ya kigoda chake, akasema, "Mtazameni huyu. Huyu hajawahi kukosea."

Yeye alikuwa akiinamia ndoo. Wao walidhani ni unyenyekevu.

Ilitokea Ijumaa, mwisho wa Agosti, miaka kumi na tisa iliyopita. Wiki iyo hiyo alikuwa amemfokea mwanafunzi mmoja, binti mwembamba wa mwaka wa kwanza aitwaye Yiska, kwa kusugua kigae bila kukichovya. Alimfokea mbele ya kundi zima. Alimwambia kwamba pengine ameua sauti ya mtu aliyengoja karne ishirini na saba ili asikike. Kigae chenyewe hakikuwa na alama yoyote, lakini maneno yalikuwa yameshatoka, na yalimpendeza Geula mwenyewe kwa uzuri wake. Yiska alikimbilia chooni na hakutoka kwa muda.

Ijumaa hiyo binti mkubwa wa Geula, Mazal, alikuwa akiwaleta wazazi wa mchumba wake kula Sabato kwa mara ya kwanza. Ilikuwa saa saba mchana. Nyumbani kulikuwa na kuba sitini, madonge ya nyama ya kutiwa kwenye supu ya ndimu, na sakafu haijadekiwa, na jua la Ijumaa halimsubiri mtu. Kikapu cha mwisho kilikuwa kimebaki. Kikapu hicho kingeweza kungoja Jumapili, lakini Geula hakupenda kuacha kazi nusu. Akakimimina chote kwenye beseni bila kuchovya, akaanza kusugua, mawazo yake yako jikoni.

Brashi ilipita mara mbili. Kisha akaona maji meusi yakimtiririka kwenye kifundo cha mkono.

Alikiinua. Upande wa kulia palibaki alama mbili, fimbo na duara. Upande wa kushoto palibaki alama moja, kichwa kidogo chenye mkia. Katikati palikuwa na wingu la kijivu, upana wa vidole viwili. Alikiweka juani, akaenda kunawa mikono. Aliporudi kigae kilikuwa kimekauka, na hata zile alama tatu zilikuwa zimezama ndani ya udongo. Kilikuwa kigae tu. Akakiandika namba ya kikapu, akakitia ndani ya kreti, akaenda nyumbani.

*

Hapo ndipo alipoanza kujifunza kusoma alama za wino.

Kila Jumanne alikuja ghalani Daktari Amram Halfon, mzee mwembamba mwenye viatu vilivyong'arishwa, aliyetembea na sukari yake mwenyewe mfukoni. Yeye ndiye aliyekisomea chuo maandishi. Jumanne moja Geula alimwekea chai, akasimama pale pale.

"Daktari, hizi alama unazisomaje?"

"Kwa nini unataka kujua, Bibi Amedi?"

"Nimechoka kuwaoshea watu barua zao bila kujua zinasema nini."

Mzee alicheka. "Kitabu cha sala unakisoma?"

"Nakisoma."

"Basi unajua nusu. Maneno ni yale yale ya Kiebrania unayomwitia mumeo chakula. Mavazi tu ndiyo mengine. Herufi tulizonazo leo tuliziokota ugenini, tuliporudi kutoka Babeli. Hawa waliandika kwa zile za kabla."

Akamchorea herufi ishirini na mbili kwenye karatasi, akaibandika ukutani juu ya bomba. Geula aliitazama karatasi hiyo miaka kumi na moja, mikono ikiwa majini. Haikuingia kwa urahisi. Kichwa kilikuwa kimechoka tangu asubuhi, na macho yaliyokulia kwenye kitabu cha sala yalizitafuta zile herufi yalizozizoea, yakakasirika kwa kutoziona.

"Usiitazame herufi," Daktari alimwambia. "Utazame mkono. Mtu huyu alishika kigae kwa mkono wa kushoto. Alianzia wapi? Alikandamiza wapi? Alichoka wapi?"

"Alichoka, Daktari?"

"Watu wote huchoka, Bibi Amedi. Tazama mwisho wa mstari wowote."

Kwa kuwa hakuwa na wino, alijizoeza kwa maji. Alichovya kidole kwenye ndoo na kuandika juu ya kigae kikavu cha kutupwa: alef kama kichwa cha ng'ombe kilicholala, mem kama maji, shin kama meno. Herufi zilisimama nyeusi kwa muda mfupi, kisha jua likazinywa, na kigae kikawa safi tena tayari kuandikwa. Nyumbani aliandika kwa kidole juu ya meza ya jikoni.

"Unamwandikia nani?" Shaltiel alimuuliza jioni moja.

"Mfalme."

"Mwambie bomba la kwenye banda la bata mzinga linavuja. Mimi nikisema hakuna anayenisikia."

Mara moja tu alijaribu kulikaribia jambo lenyewe. Alimchorea Daktari kwenye karatasi: fimbo, duara, nafasi ya vidole viwili, kichwa chenye mkia.

"Umeiona wapi hii?"

"Nimeiota."

Mzee akamtazama kwa muda, akakoroga chai yake ingawa sukari ilikuwa imeshayeyuka. "Fimbo yenye ndoano chini ni lamed. Ikianza neno, maana yake ni kwamba kitu hiki ni cha fulani. Duara ni ayin. Ya mwisho ni resh, au dalet, mkia ndio utakaosema. Kwa hiyo ni jina la mtu. Hapa katikati sijui." Akamrudishia karatasi. "Ndoto haina ushahidi, Bibi Amedi. Ukikutana nayo ukiwa macho, niletee."

Hakumletea. Kila mwaka, kabla ya Siku ya Upatanisho, watu wa kijiji huzungukiana milango wakiombana msamaha, na mwenye kunyimwa hurudi tena, hadi mara tatu. Geula hakumruka hata jirani aliyemchukia. Aliomba msamaha kwa kelele za kuku, kwa maneno yaliyosemwa na yasiyosemwa. Kila mwaka alirudi nyumbani miguu ikimuuma, akijua kwamba kuna wawili hajawafikia: mtu wa lile jina na yule binti wa chooni.

Daktari Halfon alifariki wakati wa baridi, miaka minane sasa. Mahali pake chuo kilimweka msomaji mpya, mwanamke mwembamba asiyecheka ovyo, aliyerudi na shahada tatu na miwani. Alikuwa Yiska.

"Habari yako, Geula," alisema siku ya kwanza, akamwekea kikapu mbele yake. "Usijali, sitasugua kitu."

*

Siku ya Jumanne Nissim alianza kuzipanga kreti mlangoni. Mchana alikuwa amefika ya mia nne. Alipokwenda kula, Geula alipiga magoti mbele ya rafu ya chini, akakitoa kigae, akakitia kwenye mfuko wa aproni. Hakuwa amepanga. Mkono ulikwenda wenyewe.

Langoni alikutana na Nissim akirudi, anajifuta mdomo.

"Umebeba nini humo, dhahabu?"

"Vitunguu."

"Wizi wa vitunguu! Wiki tatu kabla ya kustaafu!" Akamfungulia lango kwa madaha.

Nyumbani alikiweka kwenye bakuli la maji, akakiinua, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Hakuna kitu. Alikuwa ameshafanya hivyo mara nyingi ghalani na alijua hakuna kitu, lakini alifanya tena. Shaltiel akaingia na buti zake.

"Hicho si cha kwetu."

"Si cha kwetu."

Geula akakaa. Kwa kuwa alikuwa amechoka kuliko alivyokuwa anaogopa, alimweleza yote: kikapu, beseni, maji meusi, jina lililobaki alama tatu. Shaltiel alisikiliza mdomo wazi kidogo, kama alivyowasikiliza madaktari wa mifugo.

"Ni ile Ijumaa ya kina mkwe?"

"Ile ile."

"Uliyokimbilia kuba?"

"Niliyokimbilia kuba."

"Lakini, mke wangu," alisema taratibu, "kuba siku ile ziliungua."

Geula akamtazama. Kicheko kikamtoka bila ruhusa, kibaya, cha puani, kikaishia kwenye kikohozi. Shaltiel alingoja kiishe.

"Miaka kumi na tisa nikidhani hupendi Ijumaa kwa sababu ya mama mkwe wa Mazal," alisema. "Kirudishe, mpenzi, nife mimi kwa ajili yako. Wewe si mwizi. Wewe ni mwoga tu, kama sisi wengine."

"Watasema nini?"

"Watasema Geula alikosea. Kisha watakula chakula cha mchana."

*

Jumatano asubuhi hakujaza ndoo. Alikwenda moja kwa moja hadi meza ya Yiska iliyokuwa mwisho wa banda, penye kompyuta na ile kamera mpya inayoona wino ambao jicho halioni. Akakiweka kigae juu ya meza.

"Kipige picha hiki kabla ya lori."

Yiska alikigeuza. "Hiki kimesuguliwa. Kilichovywa?"

"Hapana."

"Nani alisugua bila kuchovya?"

"Mimi."

Yiska akainua macho. Geula alikuwa ameandaa maneno usiku kucha, lakini yalimtoka mawili mawili, yakigongana. Akataja Ijumaa, akataja Agosti, akautaja mwaka. Aliposikia mwaka, Yiska alivua miwani.

"Ule mwaka?"

"Wiki ile ile. Siku tatu baadaye."

"Siku tatu." Yiska aliiweka miwani mezani kwa uangalifu, kana kwamba itavunjika. "Kile changu hakikuwa na kitu, Geula. Nilikikagua mwenyewe baadaye. Kilikuwa kitupu."

"Najua."

"Nililia siku mbili. Nilimpigia simu mama yangu aje anichukue. Ulisema nimeua sauti ya mtu."

"Najua nilichosema. Nilikusikia ukilifungulia bomba chooni ili tusikusikie."

"Ulinisikia?"

"Nilikuwa nje ya mlango."

"Na hukubisha."

"Sikubisha."

Kule mlangoni Nissim alikuwa akivuta kreti sakafuni, akiwatukana waliobuni vyuo vikuu. Geula alisubiri afukuzwe, akaona kwamba hata kufukuzwa hakumtishi sana. Alichotaka ni kukaa kwenye kiti.

"Nisamehe, Yiska," alisema.

Yiska alivaa miwani yake.

"Hiyo ya kwanza," alisema, na akakiweka kigae chini ya kamera.

Picha ilijijenga kwenye kioo cha kompyuta kutoka juu kwenda chini, kijivu juu ya kijivu. Mwanzoni ilikuwa madoa tu. Yiska alisogeza hiki na kile, akapunguza mwanga, akaongeza. Upande wa kulia fimbo ikasimama, ndoano chini. Halafu duara. Geula aliziona alama hizo mahali pale pale alipoziacha. Kisha, pale palipokuwa na wingu, pakaanza kutokea mistari hafifu kama mikwaruzo ya kucha.

Yiska alifungua mdomo aseme kitu, lakini Geula alikuwa ameshainua kidole. Hakukitazama kioo kama kioo. Alijifanya ameshika kigae hewani kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akafuata: hapa alianza, hapa alikandamiza. Vidole vitatu vimetanuka juu na mkia mrefu chini. Kaf. Kisha kichwa kilichofungwa, na mguu uliovutwa kushoto.

"Lamed," alisema. "Ayin. Kaf. Bet. Resh. Ya Akbori."

"Usiharakishe. Ile ya nne inaweza kuwa dalet."

"Dalet haina mguu. Huyu amevuta mguu. Kisha akachoka. Tazama resh yake, ameshindwa kukifunga kichwa."

Yiska alisogea karibu na kioo hadi pua ikakaribia kukigusa. Akakaa hivyo. Akaikuza picha, akaipunguza, akachukua kitabu kutoka rafuni, akalinganisha, akakifunga.

"Ya Akbori," alikubali. "Na chini hakuna kitu. Labda divai, labda mafuta. Ya Akbori, basi."

Nissim alikuwa amesimama nyuma yao, jasho likimtiririka. "Akbori? Si ndilo neno letu la panya, akbar?"

"Lilikuwa jina la watu," Yiska alisema. "La watu wenye heshima zao."

"Yaani Geula amemwogopa panya miaka kumi na tisa!" Akatazama uso wa mmoja, akatazama uso wa mwingine, akaona hakuna anayecheka, akarudi kwenye kreti zake taratibu.

Geula alikuwa amedhani kwamba siku atakapolijua jina, kitu fulani kitamwondoka. Hakikuondoka. Alikuwa kama mtu aliyebeba ndoo njia nzima, akaitua, na mikono ikabaki imejikunja vile vile. Akbori. Hakuwa mfalme wala kuhani wala nabii. Mtu mwenye mtungi. Alitaka tu mtungi wake usichanganywe na wa jirani.

"Hiki hakiendi kwenye lori," Yiska alisema, akivuta lebo mpya kutoka kwenye droo. Alijaza namba, mahali, mwaka. Kwenye mstari wa hali ya kigae kalamu ikasimama. "Hapa natakiwa kuandika kilichotokea. Naweza kuandika kwamba kilisuguliwa. Si lazima niseme na nani."

"Lete kalamu."

"Geula, lebo hizi zinakwenda kwenye kitabu. Zitasomwa."

"Lete."

Akaandika kwa herufi za kitabu cha sala, kwa ule mwandiko wake wa darasa la nane unaopanda mlima kila ukifika katikati ya mstari: Kilisuguliwa bila kuchovywa, siku ya Ijumaa, na Geula Amedi. Jina lake halikutosha. Ile herufi ya mwisho ilibidi aibane pembeni, ndogo, karibu haisomeki.

Alhamisi lori lilikuja saa tatu. Kufikia wakati huo banda zima lilikuwa limeshajua, maana Nissim hakuumbwa kutunza siri. Wanafunzi wawili waliokuja kupakia walimtazama Geula, kisha wakatazama kwingine. Hakuna aliyemwita Jicho. Yeye alikaa kwenye kigoda chake na vikapu vya wiki hiyo, akachovya, akatazama, akasugua. Chovya, tazama, sugua. Hakuna weusi.

Lori lilipoondoka alijikokota hadi mwisho wa banda na vikombe viwili vya chai, akaweka kimoja mbele ya Yiska. Yiska alikuwa ameinamia picha ya Akbori, akiichora kwa mkono.

"Nisamehe," Geula alisema.

"Hiyo ya pili," Yiska alisema bila kuinua kichwa. Akanyoosha mguu chini ya meza, akasukuma kiti kwa upande wa Geula ili akae.